Mnyoo wa Mstari wa Mia Mbili na Kumi na Nne

Usiku wa jana niliota Mnyoo amekaa kwenye kiti cha plastiki jikoni kwangu, amevaa koti la suti, ananisubiri nikoroge chai.

Jina la Mnyoo kalitoa mwanangu. Kazi yangu ni kuandika programu za kompyuta, na chombo ninachoandikia kina tabia moja: ukikosea, papo hapo kinachora kistari chekundu chenye mawimbi chini ya kosa lako. Hakisubiri umalize. Kidole bado kiko juu ya herufi, chenyewe kimeshakuchora. Tausi, ambaye ana miaka sita, alipokiona mara ya kwanza alisema, "Mama, kompyuta yako ina mnyoo." Wiki hiyohiyo nikampa dawa ya minyoo yeye, kwa usalama.

Sasa Mnyoo yuko jikoni. Ana kimo cha mtu mzima na hawezi kukaa sawa, mawimbi yanamsumbua mgongo. Mimi nimechoka. Hata ndotoni nilikuwa nimechoka. Nakumbuka nilitafuta kiti cha pili nikakikosa, nikaendelea kuota nimesimama.

Nanyoosha mkono kuchukua sukari.

"Kosa," anasema Mnyoo.

"Kosa gani tena?"

"Sukari haijatambulishwa. Huwezi kutumia kitu ambacho hakijatambulishwa."

Ndiyo kanuni, naijua. Kwenye programu kila kitu lazima ukitaje kwanza ndipo ukitumie. Kwa hiyo nikasema, "Hii ni sukari." Sukari ikasema imefurahi kutufahamu. Nikaendelea. "Hii ni sufuria. Sufuria, huyu ni moto."

"Tunafahamiana," sufuria ikajibu kwa sauti ya mtu aliyewahi kuunguzwa.

"Na huu ni mwi—"

"Kosa."

"Sijamaliza."

"Najua. Ulikuwa unaelekea kukosea."

"Nilitaka kusema mwiko."

"Vizuri," akasema. "Umejirekebisha kwa wakati."

Nikammiminia chai. Hakuinywa. Aliisoma kuanzia juu mpaka chini, kisha akaweka kikombe mezani.

"Sikuja kwa chai, mama Tausi. Nimekuja kwa hii barua."

Akatoa mfukoni kipande cha karatasi. Mwandiko ulikuwa wangu. Maneno yalikuwa mawili: PUUZA KINACHOFUATA.

Hapo sikuwa na la kukana. Ijumaa, saa kumi na dakika ishirini jioni, nilikuwa kwenye mstari wa mia mbili na kumi na nne wa programu ya orodha za shule. Mnyoo akajitokeza chini ya maneno "jina la baba" akasema: hapa panaweza kuwa patupu. Sisi waandishi wa programu tuna njia yetu ya kumnyamazisha. Juu ya mstari anaoulalamikia unaandika "puuza kinachofuata", naye anatoweka. Kosa haliondoki. Anaondoka yeye. Nilikuwa na njaa, na bosi wangu, Mkwemba, alikuwa amesimama mlangoni anachezesha funguo. "Dada Somoe," akasema, "tufunge, au tukuletee godoro?" Nikaandika, nikazima mashine, nikaenda nyumbani.

"Umenifukuza kazi," anasema Mnyoo.

"Nilikunyamazisha tu. Kuna tofauti."

"Ipi?"

Nikaitafuta tofauti. Haikuwepo jikoni.

"Na leo orodha zinatoka," anasema.

"Leo ni Jumapili. Zinatoka kesho saa moja asub—"

"Kosa."

Nikafungua mlango wa nyuma kumwaga majani ya chai. Nje hakukuwa na kamba yangu ya nguo wala choo cha jirani. Palikuwa na uwanja wa shule, asubuhi ya Jumatatu, na watoto wa darasa la kwanza wamepangwa mbele ya bendera, wamevaa mashati meupe ambayo bado yana mikunjo ya dukani. Tausi yumo. Soksi zake nilizifua mimi, nazijua.

Mwalimu Mkuu alikuwa printa. Si mtu anayefanana na printa. Printa yenyewe, ile kubwa yenye trei mbili, imefungwa tai. Anaita jina, anatema karatasi, mtoto anaichukua ikiwa bado ina joto, anaingia nayo darasani.

"Taslima Bakari Mmole," anasoma Mwalimu Mkuu. "Tatu Rashidi Chilumba. Tekla Gervas Mkuchika."

Kutoka kwa Tatu alikwenda moja kwa moja kwa Tekla. Tausi alikuwa amesimama katikati yao.

"Mama," Tausi ananiita, "mimi bado?"

"Bado," nikamwambia. Lakini nilishajua.

Orodha zetu zinataka majina matatu: la mtoto, la baba, la babu. Mstari wa mia mbili na kumi na nne unachukua la baba. Ukilikosa, haupigi kelele. Unamwacha mtoto huyo ulivyomkuta, unakwenda kwa anayefuata. Na Tausi hana jina la kati. Baba yake alikwenda Tunduma kufuata mzigo wakati yeye yuko tumboni, na mzigo haujafika mpaka leo. Sikutafuta jina la kuziba. Kwa ukoo wetu huku Masasi mtoto ni wa upande wa mama. Wajomba ndio wanaoulizwa siku ya kuozwa, na begi la shule la Tausi kalinunua mjomba wake. Sasa mimi mwenyewe, Somoe binti Nandonde, nimekaa na diploma yangu nikaandika programu inayosema mtoto asiye na baba hayupo. Wala sikuiandika kwa ubaya. Niliinakili kutoka programu ya zamani, kama tunavyofanya wote tukitaka kuwahi nyumbani.

Nikamfuata Mwalimu Mkuu.

"Mwalimu, shikamoo. Umeruka mtoto."

"Marahaba. Siruki. Nina miguu minne ya mpira na yote iko chini."

"Tausi hayumo kwenye orodha."

"Kama hayumo, hayupo."

"Yule pale. Mwenye begi la zambarau."

Mwalimu Mkuu akawasha taa yake ya kijani akamwelekezea Tausi. "Naona nafasi," akasema. "Nafasi nzuri, safi kabisa. Nani aliandika orodha hii?"

"Mimi."

"Basi kalalamike kwako. Nenda ujipe muda wa kujisikiliza, mimi nina watoto." Akakohoa kidogo, karatasi ilikuwa imemkwama, akaendelea na herufi ya U.

Nikageuka. Tekla alikuwa anakwenda darasani, akapita palepale aliposimama Tausi, bila kusema samahani, bila hata kupunguza mwendo. Tausi akajishika mkono. Ukingo wa shati lake ulikuwa umeanza kupauka, kama maandishi wakati wino unakwisha.

"Mchore!" nikamwambia Mnyoo. Alikuwa amenifuata, amekaa kwenye benchi la wazazi. "Pita chini ya jina lake, mashine isimame!"

"Siwezi. Nina barua."

"Mnyoo, nilikuwa nimechoka."

"Uchovu haujatambulishwa."

"Huu ni uchovu," nikasema. "Uchovu, huyu ni Mnyoo."

Uchovu akaja akakaa nasi kwenye benchi, mwanamama mnene, miguu imevimba, anajipepea kwa kifuniko cha ndoo. Mnyoo akampa mkono.

"Tunaonana kila Ijumaa," Uchovu akasema.

"Kweli," akasema Mnyoo. "Nilikuwa sijakuunganisha na sura."

"Tusalimiane baadaye," nikawaambia. "Mtoto wangu anafutika. Nifanye nini?"

"Barua hurudishwa na aliyeiandika," akasema Mnyoo. "Lakini zote."

Akafungua koti. Ndani, kwenye bitana, zilikuwa zimebandikwa karatasi arobaini na moja, zote PUUZA KINACHOFUATA, zote mwandiko wangu. Za mwaka mzima. Nyingine sikuziandika kwenye kompyuta kabisa.

Nikaanza kuzibandua. Ya kwanza ilitoka na chini yake bomba la bafuni likasema, "Navuja." Ya tisa ilikuwa jino langu la nyuma, upande wa kulia. Halikusema kitu, lilinitazama tu. Ya kumi na sita ilikuwa simu ya mama yangu, bado inaita. Kila nikibandua, kucha zinauma, na nyuma yangu nasikia Mwalimu Mkuu amefika Upendo, amefika Veronika. Baada ya Z anafunga mlango. Uchovu alinishikia zilizotoka, akazikunja vizuri na kuziweka mapajani. Namshukuru kwa hilo.

Ya thelathini na nane ilitoka kirahisi kuliko zote. Chini yake ilikuwa sauti ya Tausi, ya Ijumaa ileile jioni, na kelele ya vyombo ninavyoosha.

"Mama, mimi ni Tausi nani?"

Na sauti yangu, bila kugeuka: "Malizia wali wako."

Nikazibandua tatu zilizobaki bila kuzisoma.

Mnyoo akashuka kwenye benchi, akajinyoosha, akateleza kwenye mchanga mpaka chini ya viatu vya Tausi. Akawa mwekundu wa kuumiza macho. Mwalimu Mkuu alikuwa ameshasema, "Zuhura Abdala—". Akasimama ghafla, taa zake zote zikawaka pamoja.

"Kuna kosa," akasema. "Hapa panaweza kuwa patupu. Jazeni."

Ndipo alipotokea karani wa kijivu.

Huyu naye namfahamu kazini. Chombo chetu kinakumalizia maneno: ukiandika herufi mbili, chenyewe kinaleta zilizobaki kwa rangi hafifu, wewe kazi yako ni kukubali. Karani alikuwa hafifu kiasi kwamba nyuma yake niliuona ukuta na tangazo la chanjo. Alinisogelea na trei ya majina kama mtu anayepitisha vitafunwa kwenye sherehe.

"Tausi Juma?" akaniambia kwa adabu. "Tausi Hamisi? Tausi Ramadhani? Wengi walioanza kama wewe walimalizia na Juma."

"Mimi sina Juma."

"Si lazima uwe naye, mama. Bonyeza tu."

Nasema ukweli: kidole kilikuwa kimeshainuka. Miguu ilikuwa inaniuma, jua limepanda, na jina Juma lilikuwa pale kwenye trei, fupi, halina madhara. Nikamtazama Mnyoo.

"Nikiandika Juma, utasema nini?"

"Sitasema kitu. Nitaondoka. Mimi huangalia kama pamejazwa. Kama kilichojazwa ni kweli au uongo, hiyo haijawahi kuwa kazi yangu."

"Ni kazi ya nani?"

Mnyoo akanyamaza. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumsikia akinyamaza bila mimi kumwandikia barua.

Nikaenda kwa Tausi. Nikachuchumaa mbele yake. Alikuwa amepauka mpaka kwenye viwiko.

"Unataka kuitwa Tausi nani?"

"Nata—"

"Ongea kwa sauti."

"Nataka—"

"Simama wima, usichezee mkanda wa begi."

Mnyoo akainua kichwa kutoka kwenye mchanga. "Samahani," akaniuliza, "wewe kazi hii umesomea wapi?"

Nikafunga mdomo. Haikutosha, nikaweka na mkono juu yake. Hivyo ndivyo ninavyomsomesha nyumbani pia: anafungua kitabu, mimi nakaa nyuma ya bega lake, na kabla neno halijamtoka mdomoni nimeshamwambia limekosewa. Siku hizi anasoma nusu neno halafu anageuka kunitazama.

Tausi alingoja kuhakikisha nimenyamaza kweli. Akatazama kushoto, akatazama kulia. Akajikuna mguu. Akauliza kama akimaliza ataruhusiwa kwenda chooni. Sikujibu. Sekunde hizo zilikuwa ndefu kuliko semista.

"Jina kwenye shati hili kashona nani?" akauliza mwishowe.

Nikajinyooshea kidole.

"Na wewe jina lako ni Somoe."

Nikatikisa kichwa kukubali.

"Basi si hilo tu?" akasema, kama mtu anayeelekezwa duka lililo mbele ya macho yake. "Mbona mlikuwa mnahangaika?"

Karani wa kijivu akapekua trei yake. "Hilo sina," akasema, akapungua mpaka akabaki ukuta na tangazo la chanjo.

Mwalimu Mkuu hakulipenda. "Somoe si jina la baba."

"Sijasema ni la baba."

"Kisanduku kinasema jina la baba."

"Kisanduku niliandika mimi," nikamwambia. "Na sasa nakifuta mimi. Sogea."

Nikafungua trei yake ya chini, nikaingiza mkono mpaka begani, nikashika mstari wa mia mbili na kumi na nne. Ulikuwa mwembamba na wa moto kama waya wa pasi. Nikauvuta. Mwalimu Mkuu akameza mate, akafunga macho yake ya kijani, akatema karatasi.

"Tausi Somoe Nandonde," akasoma.

Rangi ikamrudia Tausi kuanzia soksi. Akachukua karatasi yake, akainusa, akaanza kwenda. Na pale alipokuwa amesimama nikaona kumbe kulikuwa na wengine nyuma yake, wameshikana mashati, wamepauka mpaka nilikuwa sijawaona. Niliwahesabu. Walikuwa kumi na watatu.

"Na sisi?" wakauliza.

"Nanyi," nikasema. "Mmoja mmoja. Msisu—"

"Kosa," akasema Mnyoo, na nikaamka.

Ilikuwa saa kumi na moja kasoro alfajiri, Jumatatu. Tausi alikuwa amelala, mguu mmoja nje ya shuka. Shati lake la shule liko kwenye kiti. Jumamosi nilishona jina lake ndani ya ukosi kwa uzi wa bluu, TAUSI, herufi kubwa, nikaacha nafasi mbele yake nikijiambia uzi hautoshi. Nililichukua nilipeleke kwenye pasi.

Chini ya ile nafasi kulikuwa na mshono mwekundu. Mwembamba, wa mawimbi, juu, chini, juu, chini, umefungwa fundo mwanzoni na mwishoni kwa ustadi ambao mimi sina. Nyumba yangu ina uzi wa bluu, mweupe na mweusi. Nikafungua kopo la sindano kuhakikisha. Bluu, mweupe, mweusi.

Sikukaa kufikiria. Shule zinachapisha orodha saa moja, na kompyuta yangu huchukua dakika nne kuwaka. Nikaenda moja kwa moja kwenye mstari wa mia mbili na kumi na nne, nikafuta maneno "puuza kinachofuata". Mnyoo akatokea kabla sijainua kidole. "Za asubuhi," nikamwambia. Nikaandika: kama jina la baba halipo, chukua la mama. Kama la mama halipo, chukua la mlezi. Kama halipo lolote, mwite mtoto kwa jina lake moja, lakini mwite. Karani wa kijivu alinipendekezea maneno mara mbili, nikayapita. Mnyoo akatoweka mwenyewe.

Nikajaribu orodha za shule zote kumi na moja. Waliongezeka watoto kumi na wanne, Tausi akiwemo. Nikazituma saa kumi na mbili na nusu. Mkwemba akajibu kwa simu, "Dada Somoe, kumbe godoro unalo kwako?"

Nikarudi kwenye shati na sindano yenye uzi wa bluu. Mshono mwekundu haukuwepo. Sakafuni hakuna uzi, kwenye kiti hakuna. Vilibaki vitundu vya sindano kwenye kitambaa, juu, chini, juu, chini, na ukikiweka karibu na dirisha mwanga unapita.

Nikashona juu ya vitundu hivyo. Nilipokuwa nakata uzi kwa meno, Tausi akaamka, akaja akaegemea goti langu.

"Mama, ume—"

"Kanawe us—" nikaanza, nikajizuia. "Haya. Sema."

"Umeandika nini hapo?"

"Soma."

Akaweka kidole kwenye herufi ya kwanza. "Sssooo," akasema. Kisha, "na."

Haikuwa "na". Nikang'ata uzi uliobaki mdomoni nikanyamaza. Nje, jirani aliwasha redio. Tausi hakugeuka kunitazama. Kidole kikarudi nyuma peke yake mpaka kwenye M, kikakaa hapo kidogo, kikaanza tena.